Ndai Inadedi Ikipata Joto, Ikipoa Inawaka? Cheki Hii Sensa Kabla Uuziwe Pampu

Kuna ugonjwa mmoja wa gari umekulia wasee wengi chapaa hii Nairobi. Asubuhi ndai inawaka mara moja tu. Unatoka Kasarani, unapita Roysambu, jam ya Thika Road inakushika nusu saa, injini inapata joto, halafu paap! Imezima. Hakuna kelele, hakuna moshi. Unapiga stata, inazunguka fiti lakini injini haishiki. Unakaa hapo kando dakika ishirini ukiangaliwa na makanga wa kila mathree, unajaribu tena, inawaka kama hakuna kitu ilifanyika. Kesho yake hadithi ni ile ile.

Ukiangukia fundi wa kukisia, biashara imeanza. Leo ni plagi. Wiki ijayo ni koili. Mwisho wa mwezi anakuambia pampu ya mafuta imechoka, na hapo sasa ni pesa ya rent inaongea. Kumbe mara nyingi mwenye makosa ni kadude kadogo kuliko kidole gumba, kamefungwa na bolti moja, na bei yake kwa gari nyingi za kawaida iko chini ya hiyo pampu. Inaitwa sensa ya krankishafti. Mafundi wengi wanasema tu sensa ya kranki.

Hii kitu inafanya nini? Ndani ya injini pistoni zinapanda na kushuka, na krankishafti ndio inageuza huo mchezo kuwa mzunguko wa kusukuma magurudumu. Kompyuta ya gari lazima ijue kila sekunde pistoni ziko wapi, ndio ijue saa ya kumwaga mafuta na saa ya kupiga cheche. Shida ni kwamba kompyuta haina macho. Sensa ya kranki ndio macho yake.

Kwa krankishafti kuna gurudumu la meno. Sensa inakaa karibu nalo sana, pengo likiwa kama milimita moja hivi, bila kuligusa. Kila jino likipita, sensa inatuma ishara ya stima kwa kompyuta. Sasa cheki hii: kwa Toyota nyingi, kama Vitz na Probox zenye injini ya 1NZ, gurudumu lina nafasi za meno 36 lakini mawili yameachwa makusudi, yanabaki 34. Gari nyingi za Mjerumani zina nafasi 60, mawili hayako. Hilo pengo ndio alama. Kompyuta ikiliona inajua mzunguko umefika wapi, kisha inahesabu meno mengine kutoka hapo.

Piga hesabu kidogo. Ukiwa 3000 RPM, krankishafti inazunguka mara 50 kwa sekunde. Zidisha na meno 34, unapata ishara 1,700 kila sekunde. Zikikatika, kompyuta nyingi hazibahatishi. Zinakata mafuta na cheche papo hapo, ndio maana gari inazima kama mtu amezungusha funguo. Kuna zingine zinajaribu kusaidiwa na sensa ya kamshafti, hapo unapata ndai inawaka baada ya kupiga stata muda mrefu, ama inatembea ikirukaruka.

Na hii maneno ya joto? Sensa nyingi, hasa zile za waya mbili, ndani zina sumaku na koili ya waya mwembamba kama nywele, yote imefunikwa na plastiki. Inaishi kando ya injini inayochemka na kupoa kila siku, miaka kumi na zaidi. Polepole huo waya unapata ufa. Ukiwa baridi, ncha zinagusana na kazi inaendelea. Injini ikipata joto kila kitu kinatanuka, ncha zinaachana, ishara inakatika. Ikipoa zinarudiana. Ndio unaona fundi anakuja na vifaa vyake na gari inawaka mbele yake bila shida, unaonekana muongo.

Usichukulie hii kama usumbufu tu. Fikiria inazima ukiwa kwa laini ya kulia Mombasa Road, lori liko nyuma yako. Usukani unakuwa mzito ghafla. Breki bado ziko, lakini ule msaada wa kuzifanya laini unabaki wa kukanyaga mara moja ama mbili tu, baadaye utakanyaga na nguvu zako zote. Kwa hivyo ikikupata: washa hazadi, usikanyage na kuachilia breki kila saa, ingia kando ukitumia mwendo uliobaki, na usitoe funguo gari ikisonga juu usukani unaweza kujifunga. Mwaka 2003 Nissan iliita gereji zaidi ya magari milioni mbili duniani kwa sababu ya hii sensa, juu injini ingeweza kuzima gari ikiwa barabarani. Kampuni haiwezi kuchoma pesa hivyo kwa kitu cha mchezo.

Sasa, utajuaje ni yenyewe? Anza na kitu cha bure. Gari ikikataa kuwaka, piga stata ukiangalia mshale wa RPM kwa dashibodi. Kwa gari nyingi mshale unafaa kutikisika kidogo. Ukilala sifuri kabisa na stata inazunguka vizuri, shuku sensa ya kranki. Vilevile ukiwa unaendesha na mshale uanguke sifuri ghafla wakati ndai bado inasonga, hiyo ni dalili nzito.

Pili, tafuta ile mashini ndogo ya kuchomeka chini ya usukani, inayoongea na simu kwa Bluetooth. Dere wa Uber ama Bolt asikose hiyo kitu, mimi naiweka kundi moja na spea tairi. Ikikupa namba P0335, shida iko kwa mzunguko wa umeme wa sensa ya kranki. P0339 inamaanisha ishara inakuja ikipotea, yaani ule ugonjwa wetu wa joto. Na tafadhali, fundi asikimbilie kutoa waya ya betri kabla ya kusoma. Kwa gari nyingi hiyo inafuta namba zote, na ushahidi umeenda nazo.

Lakini pampu pia inaweza kuchoka ikipata joto, so usimrukie fundi na matusi. Tofauti ni hii: pampu ikikufa, cheche bado zinapiga. Sensa ya kranki ikikufa, kwa kawaida cheche na mafuta zote zinapotea pamoja. Fundi mwenye anajua kazi anapima cheche gari ikiwa bado imegoma, hangoji ipoe.

Kitu ingine wasee wanakosea: namba haisemi "nunua sensa". P0335 inaweza kutokea juu ya waya iliyosuguliwa na chuma, plagi ya waya iliyojaa oili, ama jino lililovunjika kwa lile gurudumu. Ukiona P0016, hiyo inasema kranki na kamshafti hazikubaliani, na mara nyingi ni cheni ya injini imenyooka ama imeruka. Hapo utanunua sensa tatu na bado utalia.

Kuitunza haina ratiba, hakuna mahali utaambiwa uibadilishe baada ya kilomita kadhaa. Unachotunza ni mazingira yake. Oili ikivuja juu yake, ziba hiyo oili, usipanguse tu. Kwa kosho, usikubali kijana amwage presha ya maji moja kwa moja kwa injini, maji yakiingia kwa plagi ya waya shida inaanza. Ncha ya sensa ni sumaku, kwa hivyo inavuta vumbi la chuma. Ikitolewa kwa sababu yoyote, ipanguswe. Na kwa gari zenye sensa iko nyuma karibu na giaboksi, ukibadilisha klachi mwambie fundi aichunge, wengi wanaigonga hapo bila kujua.

Ikibidi kununua, panda Kirinyaga Road na sensa yako ya zamani mkononi, usiende na jina la gari pekee. Vitz ni jina moja lakini ina injini kadhaa, na sensa hazifanani. Linganisha namba iliyochapwa, plagi ya waya na urefu. Denso, Hitachi na Bosch ndio majina ya kutafuta, ingawa boksi likiwa na jina hiyo haimaanishi kilicho ndani kina jina hilo. Maandishi yakifutika na kucha, rudisha. Za mtumba kutoka Japani mimi sizipendi kwa hii kazi. Imezeeka kama yako, na kwa kaunta ya duka iko baridi, hapo hata mgonjwa anapita mtihani.

Hiyo ndio pia shida ya kuipima na mita ikiwa baridi. Zile za waya mbili unaweza kupima ohm, na namba sahihi iko kwa kitabu cha hiyo injini, lakini pima tena ikiwa na joto. Zile za waya tatu huwa na saketi ndani, hizo hazipimwi ohm, unaweza kuziua. Zinapimwa ishara yake injini ikizungushwa.

Kuifunga ni kazi ya dakika chache kama inafikika. Kwa 1NZ iko mbele, chini karibu na puli ya krankishafti. Kwa Subaru za EJ iko mbele pia, juu ya pampu ya oili. Injini ipoe kwanza, ringi ya mpira ipakwe oili kidogo, na sensa isukumwe na mkono hadi ikae. Ikikataa, usiigonge na nyundo, kuna uchafu kwa shimo. Honda kadhaa zinataka mashini iifundishe kompyuta sensa mpya, kwa hivyo uliza hiyo kabla hujalipa. Halafu usimwachie fundi pesa gari ikiwa baridi. Zunguka nayo, ikae kwa jam, ipate joto lile lile lililokuwa linaiua, uizime, uiwashe tena hapo hapo.