Fotokopi ya kitambulisho chako iko wapi? Haki za mfanyakazi na wajibu wa mwajiri mdogo

Nilinunua viazi karai kando ya barabara pale Kawangware, vikafungwa kwa karatasi nyeupe. Nilipomaliza kula nikaigeuza ile karatasi. Ilikuwa fomu ya kuomba kazi: jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kijiji alikozaliwa mwombaji, jina la mama yake. Chini kabisa kulikuwa na swali kama ana ugonjwa wa kudumu, naye alikuwa amejibu kwa uaminifu. Niliirarua vipande vidogo. Muuzaji alikuwa bado na rundo zima chini ya meza.

Kila asubuhi wakazi wa Laini Saba, Lindi, Makina na Gatina huondoka kwenda kutafuta riziki: mjengo Kilimani, viwanda vya Industrial Area, nyumba za Lavington. Langoni, msimamizi huchukua kitambulisho, hukipiga picha kwa simu yake mwenyewe, kisha huandika nambari ya M-Pesa kwenye daftari. Jioni pesa zikishaingia, hakuna anayeuliza picha ile imebaki na nani. Yeyote atakayeipata ana mahali pa kuanzia akitaka kusajili laini ya simu kwa jina lako, au kujaribu kuchukua mkopo ambao wewe ndiwe utakayepigiwa simu kuulipa.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ndiyo inayoeleza haki hiyo inavyotekelezwa, na msimamizi wake ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria hiyo haiulizi umeajiriwa kwa muda gani. Kibarua wa siku moja analindwa sawa na karani wa benki.

Waajiri wadogo mara nyingi husema: “Mimi nina watu wanne tu, hiyo ni sheria ya kampuni kubwa.” Kosa hili lina chanzo chake. Kanuni za 2021 zinamwondolea mwajiri wajibu wa kujisajili kwa Kamishna ikiwa mapato yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na wafanyakazi wake hawafiki 10. Lakini msamaha huo ni wa usajili peke yake. Mwenye saluni, fundi mwenye vibarua watatu na mwenye duka la vifaa vya ujenzi bado wanatakiwa kutunza taarifa za watu wao kama sheria inavyosema. Na zipo shughuli ambazo hazipati hata msamaha huo, hata ziwe ndogo namna gani. Shule na zahanati zimo, na mitaa ya Kibera na Kawangware imejaa shule na zahanati ndogo za watu binafsi.

Mwajiri ana haki ya kuomba nini, basi? Anaweza kuomba kile ambacho kazi au sheria inahitaji. Hawezi kukukata kodi bila PIN ya KRA, wala kupeleka michango yako ya NSSF na ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) bila taarifa zako. Hapo hahitaji hata kukubembeleza. Tatizo huanza taarifa hizo zinapotumiwa kwa jambo jingine. Orodha ya malipo yenye majina, nambari za vitambulisho na nambari za simu haipaswi kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la watu hamsini ili kila mtu “athibitishe jina lake.” Kila mmoja anaweza kutumiwa mstari wake peke yake.

Zipo pia taarifa ambazo sheria inaziita nyeti: afya, kabila, hali ya ndoa, alama za vidole, majina ya watoto na wazazi. Fomu nyingi za kazi zinazouzwa kwenye saiba zinauliza yote haya kwa mazoea tu, na sioni mtu wa kubeba mawe ahusike vipi na jina la mama mkwe. Kuhusu Ukimwi sheria ni kali zaidi: tangu Sheria ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi, ni marufuku kumlazimisha mtu apimwe virusi ndipo apewe kazi.

Picha nazo ni data. Mwaka 2023 Kamishna aliutoza mkahawa wa Casa Vera, ulio Barabara ya Ngong, shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Wakati huohuo shule ya Roma ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Kesi hizo zilihusu mteja na wanafunzi, lakini kanuni ya idhini ni ileile kwa msusi ambaye picha yake inatumiwa na saluni kunadi biashara.

Kwa wafanyakazi wa nyumbani mambo ni magumu kidogo. Sheria haigusi matumizi ya data yaliyo ya kibinafsi au ya nyumbani pekee, kwa hiyo mama wa Lavington anayehifadhi nakala ya kitambulisho cha yaya wake kwenye droo hana kesi ya kujibu. Ofisi ya kutafutia watu kazi za nyumbani ni biashara, na inabanwa na sheria. Ikisambaza picha na kitambulisho cha dada kwa maneno “huyu ni mwizi” kabla hata ya polisi kuandika taarifa, dada huyo ana haki ya kulalamika.

Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri ahifadhi maelezo ya mkataba kwa miaka 5 baada ya kazi kuisha. Fomu za watu ambao hawakuajiriwa hazina sababu ya kukaa muda wote huo. Zirudishwe au zichomwe, zisiuzwe kwa kilo.

Ukitaka kujua mwajiri ana taarifa gani zako, muulize. Anatakiwa kukujibu ndani ya siku 7, bila malipo. Kusahihisha au kufuta kuna siku 14. Zikiibwa au kuvuja kwa namna inayoweza kukudhuru, ana saa 72 za kumwarifu Kamishna. Akikupuuza, peleka malalamiko kwa Kamishna kwa maandishi au kwa mdomo. Hulipi chochote, na uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo.

Kwa sasa, wenye laini za Safaricom wanaweza kupiga *106# kuona nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Na kesho ukiombwa fotokopi langoni, andika juu yake kwa kalamu, mstari ukivuka picha yako: “Kwa kazi ya mjengo tu,” tarehe, sahihi.