Geuza Chombo, Tazama Kitako

Mwaka 2023, katika duka la mitumba jimboni Virginia, Marekani, mnunuzi mmoja alilipa dola 3.99 kwa chombo cha maua cha kioo kilichozungukwa na michirizi ya rangi nyekundu na kijani. Kumbe ni kazi ya mbunifu Mwitalia Carlo Scarpa, aliyoibuni mwaka 1942 kwa kiwanda cha kioo cha Venini, kisiwani Murano karibu na Venice. Desemba kikauzwa mnadani kwa dola 107,100. Tangu hapo, kila mwenye kioo cha rangirangi kabatini anataka kujua kama naye ameokota dodo.

Aghalabu hajaokota. Mafundi wa kioo wa Venice walihamishiwa Murano mwaka 1291, tanuri zao zisije zikauteketeza mji, na hadi leo kisiwa hicho kinatengeneza bidhaa za watalii kwa wingi. Kwa hiyo stika ya “Murano” isikulevye, hubanduliwa hapa ikabandikwa pale. Muhuri wa tindikali ambao Venini waliutia kitakoni nao hughushiwa. Tena vyombo vingi vizuri vya miaka ya 1950 havina saini kabisa.

Mimi huamini zaidi mkono wa fundi. Chukua sommerso, ufundi uliompa sifa Flavio Poli katika kiwanda cha Seguso Vetri d'Arte. Kioo cha rangi moja huchovywa kingali cha moto ndani ya kioo kilichoyeyuka cha rangi nyingine, tabaka juu ya tabaka. Kitazame ubavuni: kila rangi imekaa mahali pake. Au fazzoletto ya Fulvio Bianconi na Paolo Venini, ya mwishoni mwa miaka ya 1940, yenye umbo la leso. Kioo huachwa kilegee hadi kingo zijikunje zenyewe, hivyo ukikuta viwili vyenye mikunjo pacha, vimetoka kwenye kalibu. Hata hivyo mikunjo huru pekee haithibitishi Venini, kwani umbo hilo liliigwa sana.

Halafu kitako. Miaka 70 ya kusogezwa mezani huacha mikwaruzo myembamba inayoelekea kila upande. Msasa wa tapeli huacha mistari ya upande mmoja.

Ukinunua mtandaoni, dai picha ya kitako na ya ubavu. Muuzaji akisitasita, mwachie chombo chake.