Kasri la Lord Egerton: Ukimaliza Selfi, Toka Nje Kwa Bustani

Kama unaishi Nax na hujawahi fika Egerton Castle, mbogi yako inakucheka. Ni kama kilomita 14 tu kutoka tao, upande wa Ngata, barabara ya kuenda Njoro. Shida ni kwamba wasee wengi huingia ndani, wanapiga picha kwa ngazi, wanapewa stori ya demu aliyemkataa lodi, halafu mbio kwa mathree. Hapo umechoma doo ya kiingilio.

Tumalize hiyo stori kwanza. Inasemekana Lord Maurice Egerton alijengea mrembo fulani hii nyumba, mrembo akaiona ndogo, akahepa. Lakini piga hesabu buda: jamaa alizaliwa 1874, ujenzi ukaanza 1938. Vyumba 52 vikakamilika 1954, na 1958 akaaga dunia bila mke wala mtoto.

Bustani nazo zilikuwa kwa damu. Kwao ni Tatton Park, Cheshire, Uingereza. Babake, Alan, ndiye alitengeneza pale bustani ya Kijapani baada ya maonyesho ya Japani na Uingereza yaliyofanyika London 1910. Iko hadi leo, na hekalu lake dogo la Kishinto. Bustani ya aina hiyo haikuonyeshi kila kitu mara moja. Njia inapinda, mti unaficha dimbwi, unatembea polepole ndio uone. Hapa Njoro ni kinyume: nyasi imeachwa wazi ili macho yako yaende moja kwa moja kwa nyumba. Yaani ukisimama nje unajua nani alikuwa mdosi.

Na hiyo ndiyo sehemu gaidi hugusia haraka haraka. Njoro ilikuwa ndani ya eneo la masetla, ile ardhi Mwafrika hangeruhusiwa kumiliki. Babu yako angeingia hapo kama mfanyakazi. Nyanya yako? Inasemwa lodi hakutaka mwanamke akanyage kwake kabisa. Leo kasri liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, na maharusi wanapigwa picha kwa hiyo hiyo nyasi. Mimi hiyo hunibamba kuliko stori ya demu.

Japani pia walifungua mageti. Tokyo, ndani ya ngome ya zamani ya Edo alikokaa shoguni, Bustani ya Mashariki ilifunguliwa kwa umma 1968, na kuingia ni bure. (Kaunti, mnaskia?)

Ukienda, nenda asubuhi kabla mvua ya jioni. Zunguka nyumba yote kwa mguu kwanza, ndani utaingia baadaye. Beba sweta, Njoro ni baridi kuliko tao. Leso ya kukalia pia. Kama umebeba chakula, uliza getini kama kinaruhusiwa, na maua usichune, hata kama umeenda na mtu unayemkatia.