Sauti ya Voliti na Masikio ya Paka

Mtu akimwona Brian Bamanya kazini kwa mara ya kwanza, anaweza kudhani ni fundi aliyeitwa kurekebisha mitambo ya ukumbi. Mbele yake kuna fremu iliyojaa vibao vyenye vitufe vya kuzungusha na matundu, na nyaya zimetanda kutoka tundu moja hadi jingine. Anachomoa waya hapa, anachomeka pale, na mdundo unageuka.

Bamanya ni Mganda wa Kampala, na jina lake la usanii ni Afrorack. Mtambo huo, sintesaiza ya moduli, ameuunda kwa mikono yake, na mara nyingi hutajwa kuwa wa kwanza wa aina hiyo kuundwa hivyo barani Afrika. Alizitamani sintesaiza za kiwandani akakuta bei yake haishikiki. Basi akatafuta michoro ya sakiti kwenye intaneti, akanunua vipuri vilivyopatikana mjini kwake, akaanza kuchomelea. Mwaka 2022 lebo ya Hakuna Kulala, ya huko huko Kampala, ilitoa albamu yake.

Habari hii inawahusu vijana wa Munanila, Kasulu na Kibondo kuliko wanavyoweza kudhani. Nyanda za juu za Kigoma hazina duka la sintesaiza, lakini zina mafundi redio. Katika masoko yao kuna meza zenye bodi zilizofunguliwa matumbo, kopo la rezista na kapasita zilizong'olewa kwenye redio mbovu, na mtu anayejua kwa kunusa tu kipi kimeungua. Sintesaiza ya moduli ni kazi ya meza hiyo hiyo. Muziki wa aina hii umesemwa mno kana kwamba ni wa matajiri wa Berlin na Los Angeles, na si kweli.

Mtambo wenyewe hufanya kazi kwa jambo moja: umeme hupandishwa na kushushwa kwa haraka, na spika huufuata. Osileta huutikisa umeme. Ukitikisika mara 440 kwa sekunde, sikio husikia noti ya La ambayo wanamuziki huitumia kulinganishia ala zao. Filta hupunguza ukali wa sauti au kuuachia. Moduli nyingine huamua sauti ianze lini na ife lini. Nyaya ndizo huzipa moduli amri, na amri hizo ni voliti: katika mfumo unaotumika zaidi, ukiongeza voliti 1 sauti hupanda oktavu nzima.

Historia ya mitambo hii husimuliwa hivi: Robert Moog alitengeneza mtambo wake wa kwanza Marekani mwaka 1964 akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, wakati Don Buchla akishughulika na wake huko California. Katikati ya miaka ya 1990, Mjerumani Dieter Doepfer alileta kipimo cha vibao chenye kimo cha milimita 128.5, ambacho leo hufuatwa na watengenezaji wengi duniani. Lakini simulizi hizi huiruka Afrika, na hapo ndipo zinapokosea. Mwaka 1944, jijini Cairo, Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi sauti kwenye waya, akanasa nyimbo za wanawake katika zaar, sherehe ya kupunga pepo, kisha akaibadilisha sauti hiyo kwa mwangwi na vifaa vya redio. Paris ilikuja kusifiwa kwa ubunifu wa jamii hiyo miaka 4 baadaye.

Tanzania nayo haikulala. Wapiga mchiriku wa Dar es Salaam walichukua vinanda vidogo vya Casio, ambavyo kwingine vilionekana vya kuchezea watoto, wakavipitisha kwenye vipaza sauti vikuukuu hadi sauti ikakwaruza, na mkwaruzo huo ukawa ndio utamu wake. Kundi la Jagwa Music liliubeba mtindo huo hadi Ulaya. Singeli ikafuata kwa kompyuta, kwa kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika, na studio ya Sisso ikajulikana nje kwa mkusanyiko uliotolewa na Nyege Nyege Tapes mwaka 2017.

Kwa mtu wa Munanila, swali la kwanza ni umeme. Kabla ya gridi ya taifa kuanza kuufikia mkoa wa Kigoma, miji ilitegemea majenereta ya dizeli na vijiji vikategemea sola. Bahati ni kwamba mtambo wa moduli hauna kiu kubwa. Huhitaji voliti 12 chanya na voliti 12 hasi, na betri mbili za sola zikifungwa mfululizo, kiungo cha katikati kikifanywa sifuri, zinatoa umeme huo huo. Fundi ataongeza fyuzi na kidhibiti, kwa kuwa betri iliyojaa huvuka voliti 12.

Pa kuanzia ni chipu inayoitwa 40106. Ndani yake mna sehemu 6, na kila moja hugeuka osileta ikipewa rezista moja na kapasita moja. Kapasita hujaa umeme, chipu inageuka, kapasita inamwaga, chipu inageuka tena. Kwa rezista ya kilo-omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 mchezo huo hujirudia mara mia moja hivi kwa sekunde, na sabufa ya nyumbani, ikiwekwa sauti ya chini, itatoa mvumo mzito. Ukibadilisha rezista hiyo kwa ile ya kuzungusha, iliyong'olewa kwenye redio, mvumo utapanda na kushuka chini ya kidole chako.

Midundo nayo ina hesabu yake. Mwaka 2005 Godfried Toussaint, mtaalamu wa kompyuta nchini Kanada, alionyesha kwamba kanuni ya kale ya Euclid ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika huzaa midundo mingi ya asili ya dunia. Hesabu 1 hadi 8, rudia bila kusita, na upige makofi kwenye 1, 4 na 7. Msikilizaji wa rumba ya Kongo atautambua papo hapo. Makofi 7 katika hesabu ya 12 huzaa mpigo wa kengele unaosikika sehemu nyingi za Afrika. Siku hizi kuna moduli zinazofanya kazi hiyo tu: kugawa mapigo kwa usawa.

Na paka je? Picha za watu wa sintesaiza duniani kote zimejaa paka aliyejilaza juu ya mitambo, na sababu ya kwanza ni joto la vifaa. Kwetu ipo sababu nzito zaidi. Panya hutafuna maganda ya nyaya na kuchana karatasi za spika, na usiku mmoja unatosha kuharibu kazi ya miezi. Paka wa studio ni mlinzi mwenye ajira kamili.

Pia ni msikilizaji ambaye binadamu hamfikii. Sikio la mtu huishia kwenye mitikisiko 20,000 hivi kwa sekunde, na hupungua kadiri umri unavyokwenda. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba paka husikia kuanzia mitikisiko 48 hadi 85,000. Osileta ikipandishwa kupita kikomo chetu, mwanamuziki huona mtambo umenyamaza, kumbe ikiwa spika inaweza kuutoa mlio huo, masikio ya paka yamekwisha kugeuka. Chaja duni nazo huweza kulia huko juu. Paka akiikimbia studio kila mara chaja fulani inapowashwa, ni busara kuibadilisha chaja.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, akiwemo mpiga selo David Teie, waliwapigia paka 47 muziki wa binadamu na muziki uliotungwa kwa viwango vya sauti za paka. Waliuitikia muziki wao baada ya sekunde 110 hivi, na ule wa binadamu baada ya sekunde 172. Baadhi walijisugua kwenye spika.

Mkoromo wa paka unamgusa mjenzi wa osileta kwa karibu zaidi. Mwaka 2023 Christian Herbst wa Chuo Kikuu cha Vienna na wenzake walichunguza makoromeo ya paka 8 waliouawa kwa huruma kwa sababu ya maradhi yasiyopona. Walipoyapuliza hewa, yalikoroma mitikisiko 25 hadi 30 kwa sekunde, bila ubongo kuyaamuru, kwa msaada wa vinundu vilivyomo ndani ya nyuzi za sauti. Ilikuwa osileta ya nyama: iliyopewa nguvu ikajitikisa yenyewe, kama chipu ya 40106 inavyofanya ikipewa betri.

Mlinzi huyu naye anahitaji kulindwa. Asiwepo wakati wa kuchomelea, kwa kuwa matone ya risasi huanguka sakafuni, hushika kwenye makucha, na paka huramba makucha yake. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi kabla ya kumrudisha. Manyoya hupenya kwenye vitufe na kuleta mikwaruzo, kwa hiyo mtambo hufunikwa kazi inapokwisha. Mlango uachwe wazi sauti inapopandishwa, ili aondoke mwenyewe.

Baada ya osileta ya kwanza hufuata ya pili, kisha filta. Filta haichagui chanzo cha sauti. Kidude cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, kilichotolewa kwenye kengele mbovu, kikibandikwa kwenye inanga, ala ya nyuzi inayopigwa Burundi, ng'ambo tu ya mpaka wa Manyovu, kikapewa kikuza sauti kidogo, nyuzi hizo zitapita kwenye filta iliyochomelewa sokoni Kasulu na kutokea kwenye sabufa.