Je, Wajua? Utepe, Simu na Toni ya Nne

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi kazi ya afya katika vijiji vya Kenya ilitembea kwa namba nne? MOH 513 lilikuwa daftari la kaya. MOH 514 kilikuwa kitabu ambamo mhamasishaji wa afya ya jamii aliandika kila nyumba aliyoitembelea. MOH 515 ilikuwa fomu ya muhtasari, na MOH 516 ubao wa chaki uliobeba takwimu za kijiji mbele ya wanakijiji wenyewe. Mtoto aliyekosa chanjo tarehe 3 angeweza kusubiri hadi mwisho wa mwezi afisa aipate habari yake, na kufikia hapo alikuwa amekwisha kuwa tarakimu, hana jina.

Tarehe 25 Septemba 2023, katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Rais William Ruto alizindua kikosi cha wahamasishaji wapatao 100,000. Kila mmoja alitarajiwa kuhudumia kaya 100 hivi, na alipewa mkoba wa vifaa pamoja na simu yenye mfumo uitwao eCHIS. Kwa anayefanya kazi hii Kegonga, makao makuu ya Kuria Mashariki, na katika vijiji vinavyoelekea mpaka wa Tanzania, naona jambo kubwa kuliko yote ni kwamba mfumo huo haudai mtandao kila saa. Taarifa hujazwa nyumbani kwa mgonjwa, simu huzihifadhi, kisha huzituma inapopata mawimbi. Msimamizi akiufungua mfumo anaona ni mama gani mjamzito hajaenda kliniki, naye mhamasishaji asubuhi anakuta orodha ya nyumba zinazomsubiri.

Je, wajua asili yake? Mfumo wa eCHIS umejengwa juu ya programu huria za shirika la Medic, ambalo mizizi yake iko Malawi, katika Hospitali ya St. Gabriel's, Namitete. Mwaka 2008 wahudumu wa vijiji wa hospitali hiyo waligawiwa simu zilizokwisha kutumika, wakawa wanatuma ujumbe mfupi kwenye kompyuta moja pale hospitalini. Kabla ya hapo walikuwa wakitembea mwendo mrefu kupeleka karatasi.

Posho ya mhamasishaji ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hazitoshi. Mfumo unaohesabu kila nyumba aliyoingia mhamasishaji unapaswa kuhesabu kwa uangalifu uleule siku ambazo posho yake imechelewa.

Sasa tazama ndani ya mkoba. Kuna utepe mwembamba wa kupima mkono wa mtoto kati ya bega na kiwiko. Mama anampakata mtoto, mkono wa kushoto unalegezwa, utepe unazungushwa na ncha yake kupenyezwa kwenye kijitundu, kisha unavutwa taratibu usije ukaminya nyama. Zaidi ya sentimita 12.5 kidirisha kinaonyesha kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano. Chini ya 11.5 ni nyekundu: mtoto ana utapiamlo mkali, na hapo mhamasishaji haendelei peke yake, humwandikia rufaa. Utepe hauna betri, lakini ndio unaoamua ni nani mwingine aitwe kazini.

Je, wajua kwamba rangi hizohizo tatu zimetumiwa Nairobi kuifundisha akili unde (huitwa pia akili mnemba) adabu ya kukaa na watu kazini? Kliniki za Penda Health, zikishirikiana na kampuni ya OpenAI, ziliweka msaidizi ndani ya mfumo wa rekodi za wagonjwa. Tabibu anaandika dalili, vipimo na dawa kama kawaida. Msaidizi anasoma kimya. Kijani, hasemi kitu. Manjano, tabibu akitaka atamsikiliza. Nyekundu, ilani inajitokeza na lazima tabibu aisome kabla ya kuendelea. Uamuzi unabaki wa tabibu.

Matokeo yalitolewa Julai 2025, baada ya kufuatilia mahudhurio 39,849 ya wagonjwa katika kliniki 15. Kwa matabibu waliokuwa na msaidizi huyo, makosa ya kutambua ugonjwa yalikuwa pungufu kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Kuhusu wagonjwa kujisikia nafuu zaidi baadaye, haikuonekana tofauti ya kutosha kuthibitisha lolote. Kinachonigusa mimi ni kwamba kusimika programu peke yake hakukuleta mabadiliko hayo. Yalionekana wazi baada ya wenzao wa matabibu kuketi nao, kuwaonyesha namna ya kuitumia na kufuatilia nani anazipuuza ilani nyekundu. Kadiri siku zilivyokwenda, matabibu hao walianza kuandika vizuri zaidi hata kabla ya kuonywa.

Kuketi pamoja huko kunanikumbusha Wajaluo, majirani wa Wakuria wa Kegonga hapo Migori, wenye neno saga: mwenye shamba anawaita majirani wamlimie, naye anawalisha. Je, wajua kwamba kuna saga ya lugha mtandaoni? Inaitwa Masakhane, neno la Kizulu lenye maana ya tujenge pamoja. Ni watafiti wa Kiafrika walioanza kukusanyika mwaka 2019, wengi wakijuana kwa njia ya mtandao tu. Mwaka 2021 walitoa hazina ya matini ya kuifundisha kompyuta kutambua majina ya watu, mahali na mashirika katika lugha kumi. Kijaluo kimo. Kiswahili kimo, Kiganda na Kinyarwanda vimo. Kikuria hakimo.

Nami nakionea uchungu, maana Kikuria ni hazina ya ajabu. Wanaisimu Michael Marlo, Leonard Chacha Mwita na Mary Paster wameonyesha kwamba katika shina la kitenzi cha Kikuria toni ya juu huweza kuanzia kwenye pigo la kwanza, la pili, la tatu au hata la nne, kutegemea kama jambo limetendeka, lilikuwa likiendelea, litakuja baadaye, au li karibu kutokea. Ni lugha chache sana duniani zinazohesabu hadi nne. Watu wakiandikiana kwa simu hawaweki alama za toni, kwa hiyo sehemu ya maana hubaki mdomoni.

Basi mhamasishaji wa Kegonga anasoma swali kwenye kioo cha simu, analigeuza kwa Kikuria, anamuuliza mama, anatega sikio asikie toni imeangukia wapi, kisha anabonyeza jibu.