Siku Binti Yangu Alipokuwa Urusi

Mama mpenzi, mwanao akirudi kutoka shuleni na kukuambia, "Mama, mimi ni Urusi," usishtuke. Wa kwangu, aliye kidato cha tatu, aliniambia hivyo, akaomba vitambaa vyeupe, vya buluu na vyekundu vya kushonea bendera. (Cheupe nilikichana kwenye shuka kuukuu.)

Ni mchezo wa kuigiza Umoja wa Mataifa. Mwanafunzi hupewa nchi isiyo yake, akaitetea kwa kufuata kanuni za kikao. Mjini The Hague, Uholanzi, vijana wamekuwa wakikutana hivyo tangu 1968.

Darasa lao liliigiza kura ya Baraza la Usalama ya Julai 11, 2023, kuhusu misaada ya kuingia Syria kutoka Uturuki kupitia Bab al-Hawa. Wanachama ni 15. Waliokubali walikuwa 13, China haikuegemea upande wowote, Urusi ikapinga. Na kwa kuwa Urusi ni mmoja wa watano wenye kura ya turufu, azimio likaanguka. Binti yangu aliinua mkono peke yake.

Jioni hakula. "Hoja zao nilizisema vizuri, mama, hata mwalimu akanisifu. Lakini wale watoto?"

Nilimweleza kwamba malori yalipita tena Septemba mwaka huohuo, kwa idhini ya serikali ya Syria. Akahesabu kwa vidole tangu Julai. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ni muuguzi, mtoto mgonjwa asiye na dawa huvumilia siku ngapi.

Tulikaa mezani hadi saa nne.