Risasi ya puani yageuka betri: Namna glaida kubwa ya rimoti inavyotiwa mota ya umeme

KUNA ndege za mfano ambazo hazina injini kabisa, nazo wapenzi wa mchezo huo huziita glaida. Mabawa yake ni marefu na membamba, kwa zile kubwa hufikia mita 4 au zaidi kutoka ncha hadi ncha, na mtu aliyesimama chini huziongoza kwa rimoti ya redio. Zikishakuwa angani hutafuta hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, kama wafanyavyo tai na mwewe, zikazunguka ndani yake na kuzidi kupanda bila ya kutumia hata tone moja la mafuta.

Shida yake ni namna ya kufika huko juu. Wapo wanaoivuta glaida kwa kamba ya winchi, wapo wanaoifunga nyuma ya ndege nyingine ya mfano yenye injini, na wapo wanaoifuata milima ambako upepo hugonga mteremko na kupanda, mfano wa mlima Wasserkuppe nchini Ujerumani, ambako mashindano ya ndege kamili zisizo na injini yalianza mwaka 1920. Njia zote hizo zataka wasaidizi, au uwanja mrefu, au mlima. Mkazi wa mjini mwenye saa mbili tu za Jumamosi jioni mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana wengi huishia kuikata pua ndege yao na kuitia mota ya umeme.

Uamuzi huo si wa kuchukuliwa kwa wepesi, kwani kiwiliwili cha fibaglasi kikishapitiwa na msumeno hakirudi kuwa kama kilivyokuwa. Basi hesabu itangulie.

Wengi hudhani kuwa swali la kwanza ni ukubwa wa mota. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, swali la kwanza ni uzito utakaa wapi. Kila ndege ina kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ukiiinua kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, haiinami mbele wala nyuma. Kitovu hicho kikisogea nyuma kupita kiasi, ndege huwa na kichwa kigumu: huinua pua yenyewe, hupoteza mwendo na kuanguka. Kikisogea mbele mno, ndege inaruka lakini kwa uzito na uvivu, na ile sifa yake ya kuelea inapotea.

Sasa, glaida ina mkia mrefu na pua fupi. Ili mkia usiishinde pua, mtengenezaji au mwenye ndege hulazimika kujaza madini ya risasi puani. Risasi hiyo haifanyi kazi nyingine yoyote. Hubebwa tu, kila siku, kama abiria asiyelipa nauli. Siri ya kazi hii yote imo humo: mota na betri zinakuja kuchukua nafasi ya uzito ambao tayari ulikuwa unabebwa bure.

Tuchukue mfano wa glaida ya kilo 5 yenye gramu 500 za risasi, zilizokaa sentimita 60 mbele ya kitovu cha uzito. Gramu 500 zidishe kwa sentimita 60, unapata 30,000. Hiyo ndiyo nguvu ya kuinamisha pua ambayo ni lazima ibaki vilevile baada ya kazi. Mota pamoja na rafadha, ambayo wengine huiita pangaboi, na kofia yake, tuseme vina gramu 400 na vinakaa mahali palepale pa risasi. Hapo tumepata 24,000. Zimebaki 6,000. Betri ya gramu 600 ikiwekwa sentimita 10 tu mbele ya kitovu, hesabu imetimia. Kidhibiti mwendo, chenye gramu zipatazo 100, hukaa karibu na kitovu chenyewe, hivyo hakiharibu mizani.

Jumla ni kilo 5.6. Kwa maneno mengine, vimeingia vifaa vya kilo 1.1 lakini ndege imeongezeka gramu 600 tu. Mwendo wake wa chini kabisa kabla ya kuanguka utapanda kwa asilimia 6 hivi, kiasi ambacho mkono uliozoea utakiona wakati wa kutua, lakini si cha kumnyima mtu raha yake. Ikiwa hesabu kama hii inakataa, kwa mfano betri inaangukia mahali ambapo mabawa yanaungana na kiwiliwili na hakuna nafasi, ni heri kuliacha wazo hilo kuliko kuongeza risasi juu ya mota.

Baada ya mizani ndipo nguvu. Kuinua kilo 5.6 kwa mwendo wa mita 5 kila sekunde kunahitaji wati 275, na kufidia ule mteremko wa kawaida wa glaida kunaongeza karibu wati 40. Lakini mota, nyaya na rafadha hupoteza nguvu njiani. Tukikadiria kwamba nusu tu ndiyo inayofika hewani, betri itatakiwa kutoa wati 630. Betri ya seli sita za lithiamu ina volti 22.2, hivyo mkondo utakuwa ampea 28 au 30. Vidhibiti mwendo vya kiwango hicho si vya kutafutwa kwa taabu, ingawa mwenye busara atanunua cha ampea 60 ili kisichemke.

Jambo la kufurahisha ni jinsi umeme unaotumika ulivyo mchache. Kupanda mita 200 huchukua sekunde 40, na hutafuna wati-saa 7 tu. Betri hiyo ikiwa na ampea-saa 4, ina wati-saa 88.8, ukiacha sehemu moja ya tano bila kuigusa, unapata safari kumi za kupanda. Na kila safari yaweza kufuatiwa na dakika kumi, au saa nzima, ya kuelea mota ikiwa imezimwa.

Haikuwa hivyo zamani. Ndege ya mfano ya Kanali H. J. Taplin wa Uingereza, iliyoruka kwa mota ya umeme na kuongozwa kwa redio tarehe 30 Juni 1957, ilitumia betri za fedha na zinki. Baadaye zikaja za nikeli na kadimiamu, ambazo kwa umeme tuliouhesabu hapa zingekuwa na uzito wa karibu kilo 2. Hata hivyo, kwa betri za aina hiyo ndipo Fred Militky alipofanikisha jambo kubwa zaidi: tarehe 21 Oktoba 1973, huko Wels nchini Austria, Heino Brditschka aliirusha MB-E1, ndege kamili yenye mtu ndani yake. Nayo haikuundwa upya. Ilikuwa glaida yenye injini ya mafuta, ikavuliwa injini hiyo na kuvishwa mota.

Turudi kwenye karakana. Pua hukatwa pale ambapo unene wake unalingana na kofia ya rafadha, na wenye uzoefu hukata kidogo kidogo kisha humalizia kwa msasa. Duara la plaiwudi hubandikwa ndani kwa gundi ya epoksi, na mota hufungwa hapo kwa skrubu, ikiwa imeinamishwa nyuzi 2 hivi kwenda chini, la sivyo glaida itainua pua kila mota inapowashwa. Rafadha yenyewe ni ya kukunja, na kubwa inayozunguka polepole hufaa kuliko ndogo inayopiga kelele. Aidha, kidhibiti mwendo lazima kipangwe ili kiishike mota na kuisimamisha inapozimwa. Bila breki hiyo, upepo utaendelea kuizungusha rafadha, haitakunjika, na glaida itabururwa kama mtu aliyefungua mwavuli kwenye dhoruba.

Ni busara pia sevo za usukani zipate betri yake ndogo, ili betri kubwa ikifa rimoti isife nayo. Kilo 5.6 zikienda kilomita 72 kwa saa hugonga kwa nguvu ileile ya kitu hicho kudondoka kutoka urefu wa mita 20. Kwa sababu hiyo hakuna kurusha juu ya nyumba wala barabara. Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani za mwaka 2020, na Tanzania za mwaka 2018; anayetaka kurusha aulize kwanza mamlaka ya usafiri wa anga.

Betri za lithiamu nazo zina masharti yake. Seli haijazwi kupita volti 4.2 wala haishushwi chini ya volti 3, na ikiwekwa kwa muda mrefu hubakizwa kwenye volti 3.8. Iliyovimba au kutobolewa yaweza kulipuka moto ambao ni shida kuuzima. Isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala, wala isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, jambo ambalo katika miji yetu ya pwani si la kukumbushwa mara moja. Anayeagiza kwa ndugu aliye ng'ambo ajue kwamba abiria hubeba betri za akiba ndani ya ndege, si kwenye begi la kwenda chini, na kwamba zikizidi wati-saa 100 sharti shirika la ndege litoe kibali. Kuzisafirisha peke yake kama shehena katika ndege za abiria kulipigwa marufuku tangu Aprili 2016.

Siku ya kwanza uwanjani, mota hujaribiwa ndege ikiwa imeshikwa na msaidizi kutoka nyuma ya mabawa, na mtu yeyote asisimame mbele ya rafadha wala ubavuni mwake. Safari ya kwanza ni ya kupanda kwa sekunde 20 tu, kisha mota huzimwa na mwenye ndege huangalia kama glaida inaelea bila kusukumwa na rimoti. Ikiinua pua, betri husogezwa mbele sentimita moja; ikiizamisha, hurudishwa nyuma. Ikishatua huguswa mota, kidhibiti na betri. Ikiwa kimojawapo hakishikiki kwa moto, rafadha ni kubwa mno, na ya inchi moja pungufu ifungwe kabla ya kurushwa tena.